Mgombea Mwenza wa Mkiani

Jumapili, 5 Januari

Leo baada ya misa Deusdedit alinisubiri nje ya kanisa kama mtu aliyekuja kuposa. Kavaa koti, na joto lote hili. "Shemeji," akasema, "nina neno na wewe, ila lazima Felisiani awepo." Nikajua si neno dogo. Deusdedit ana duka la pembejeo Kashaulili na majaruba makubwa ya mpunga kule juu karibu na banio, maji ya mto yanapoingilia mferejini. Watu kama sisi wa mkiani mwa mfereji huwa anatupungia mkono tu akiwa kwenye pikipiki.

Nyumbani alikunywa chai vikombe viwili ndipo akatoboa. Anagombea uenyekiti wa umoja wetu wa wakulima wa mpunga, skimu ya umwagiliaji ya Mbuga Ndefu, hapa Kakese. Anataka kumng'oa Damiano, ambaye amekikalia kile kiti mpaka kimeshika umbo lake. Kwa katiba mpya, mwenyekiti na makamu wanagombea pamoja, kama ilivyo kwa Rais na Makamu wake. Ukimchagua mmoja umewachagua wote. Anataka mimi niwe mgombea mwenza wake.

Mume wangu Felisiani alicheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza Deusdedit swali moja: "Ningekuwa Mkonongo wa hapahapa kama nyie wawili, ungekuja?"

Akatazama ndani ya kikombe. "Hapana, shemeji. Raia wapya ndio wengi kule mkiani. Bila kura zenu Damiano simuwezi."

Raia wapya! Wazazi wangu waliingia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, nimesoma huku, nimeolewa huku, na uraia tulishapewa miaka kumi na zaidi iliyopita. Hata kitenge huwa kinachakaa. Upya wetu ni wa kitambaa gani? Hata hivyo alinijibu kweli usoni, na mimi nimechoka na watu wanaonidanganya kwa heshima. Nimemwambia nitafikiri.

Jumanne, 7 Januari

Kupandikiza kutwa nzima. Mgongo umekufa. Sijafikiri chochote.

Jumamosi, 11 Januari

Mama amesikia. Sijui nani kamwambia, nadhani ni Felisiani, maana mdomo wake hauna mlango.

Mama yangu, Médiatrice, anaishi nasi. Ana jaruba lake dogo na ni mwanachama halali wa umoja, ila mkutano hata mmoja hajawahi kukanyaga. Leo tulikuwa tunachambua maharage, akaniambia bila kuinua uso: "Mwanangu, sie tulijifunza kukaa katikati. Usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho. Anayesimama mbele ndiye anaulizwa katoka wapi."

"Hata wa katikati anaulizwa, mama."

"Anaulizwa kwa sauti ndogo."

Nikakasirika. Nilikasirika hasa kwa sababu ana haki ya kuogopa. Basi kwa hasira hiyohiyo nimekata shauri: nagombea. Lakini si hasira peke yake, ni maji pia. Huku mkiani maji yanatufikia yakiwa yamechoka, kama yanafika. Zamu zimeandikwa vizuri na Damiano amezigonga mhuri, ila wa juu wanafungulia wanavyotaka. Mvua ikikatika majuma mawili tu, sisi tunatazama mpunga ukigeuka manjano na kwao vyura wanaogelea.

Nimempigia Deusdedit simu. Nimemwambia nakubali kwa sharti moja: zamu za maji zifuatwe, na jambo hilo nilisemee mimi. Akasema, "Hakuna shida, hakuna shida." Alisema haraka mno.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Mvua. Mvua. Konokono kwenye kitalu cha rafiki yangu Scolastica.

Jumapili, 19 Januari

Nimeaibika leo mpaka masikio yanawaka, na niandike yote kabla Felisiani hajaanza kuyatia chumvi kijijini.

Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa huku mkiani, kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa. Dakika za mwisho Deusdedit akaninong'oneza: "Shemeji, wasalimie kwa Kirundi. Ongea nao Kirundi mwanzo mpaka mwisho. Wajue ni mtu wao." Nilijua si sawa. Lakini nilikuwa naogopa ule umati, na mtu akiogopa hushika chochote anachopewa.

Nikasimama nikasema, "Mwiriwe neza," nikaendelea. Wafipa na Wasukuma, ambao nao wana majaruba mkiani humuhumu, wakaanza kutazamana, kisha wakanyanyuka mmoja mmoja. Nilimwona rafiki yangu Scolastica, Mfipa wa Sumbawanga kabisa, ameshika kidevu kama yuko kwenye msiba wa mtu asiyemfahamu.

Ndipo Emelyne akasimama. Emelyne nimekua naye Katumba, ana ulimi wa wembe. "Mama Dina," akasema kwa Kiswahili, "umeanza lini kutuongelesha kama wageni? Juzi kwenye kupandikiza ulinisengenya kwa Kiswahili safi, tena nikiwa nakusikia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akangoja kiishe. "Huyo mzee wako amekutuma uje utuambie wewe ni wa kwetu. Hilo tunalijua, tulikuvisha shela. Sie tunauliza maji."

Wakapiga makofi, lakini si kwangu. Deusdedit alikuwa anafuta jasho kwa tai. Tukaondoka pale tumenyong'onyea. Njiani akasema, "Nilifikiri watafurahi." Nikamwambia, "Ulifikiri sisi ni gunia moja, ukishika mdomo umelishika lote."

Jumatatu, 27 Januari

Kichekesho cha mwaka. Damiano alikuwa na mwenza wake, mwalimu mstaafu, Mpimbwe kwa kabila. Jana kamuacha ghafla na kumtangaza Mzee Libérat! Libérat ni mzee wa watu, mpole, kilio chake na kicheko chake huwezi kuvitofautisha. Kazi yake ni kukaa jukwaani amevaa kofia mpya. Akitaka kuongea, mtu wa Damiano anamwekea mkono begani.

Scolastica kaniambia, "Sasa kila mgombea ana Mrundi wake. Sie Wafipa tunapatikana duka gani?"

Nilicheka, lakini usiku nikamfikiria Libérat na ile kofia. Nikajiuliza kama na mimi nilivyo jukwaani naonekana hivyohivyo.

Jumapili, 2 Februari

Juma zima bila tone. Padre katuombea mvua.

Jumatano, 5 Februari

Bila tone.

Jumamosi, 8 Februari

Jaruba letu limeanza kupasuka. Ufa unaingia kidole. Mpunga umesimama tu, haukui, haufi. Mama amekaa ukingoni mwa jaruba lake asubuhi nzima na kopo, anamwagia miche kama mtu anayenywesha wagonjwa.

Nikaona haitoshi kulia. Nikamchukua Scolastica, tukaufuata mfereji kwa miguu kutoka huku mkiani mpaka banio, tuone maji yanapotelea wapi. Huko juu watu wanasema maji hayafiki kwa sababu sisi Warundi wa mkiani ni wavivu, hatusafishi mfereji. Mfereji wetu ni msafi kama sahani iliyorambwa, maana hakuna kitu cha kuuchafua! Tulipofika katikati tukaanza kuyaona: matobo. Watu wametoboa tuta la mfereji pembeni, wamefunika kwa majani, maji yanaingia majarubani mwao usiku na mchana bila zamu.

Mashamba mawili makubwa kabisa yanayokunywa hivyo ni la Damiano na la Deusdedit.

Scolastica akaninyooshea kidole, "Hilo si la Deusdedit wako?" Nikasema ni lake. Mpunga wake ulikuwa wa kijani, mzuri, umefika gotini. Nikaketi chini. Mtu ananipeleka mkiani nikaombe kura, na maji ya mkiani yako kwake.

Sijampigia simu. Nikimpigia leo nitatukana.

Alhamisi, 13 Februari

Siku mbaya, halafu siku nzuri, ndani ya siku moja.

Asubuhi Scolastica alirudi kutoka sokoni Kashaulili amefura. Maneno yamezagaa kuwa mimi si raia, kwamba nikishakuwa makamu nitaleta ndugu zangu kutoka ng'ambo wagawiwe majaruba. Wameshatunga na msemo: "Mpe Deusdedit, upate Bujumbura." Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia nitapalilia. Nikaenda shambani, nikang'oa mpunga badala ya magugu.

Jioni Deusdedit akaja na wanaume wawili wa kamati yake. Mama alipowaona akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chake. Aliongea mmoja wao, mwenye miwani, kwa upole wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: "Mama Dina, sisi tunakuheshimu sana. Lakini hali imebadilika. Tumeona tumchukue Josephina, ni mtu wa hapahapa, hana maneno. Wewe utakuwa mshauri wetu. Mshauri mkuu."

Nikasema, na nayaandika hapa kama yalivyotoka, maana nikiwa mzee nataka kuyasoma:

"Mlinifuata kwa ajili ya asili yangu. Leo mnaniacha kwa ajili ya asili hiyohiyo. Mimi sijabadilika hata kidogo. Nilikuwa hivi Januari na niko hivi leo. Kilichobadilika ni mpunga, twendeni mkautazame."

Nikawatoa nje nikawaonyesha nyufa. Nikamgeukia Deusdedit. "Una matobo mawili kwenye mfereji, moja chini ya mgomba, jingine nyuma ya kichuguu. Nimeyaona kwa macho yangu. Mwenza wako ni nani, hilo ni lako, chukua Josephina, chukua umtakaye. Lakini ziba matobo. Ukiziba, mimi nitakupigia kura hata ukiniacha, na nitawaambia na wenzangu wakupigie. Usipoziba, mchukue hata malaika, huku hupati kitu."

Deusdedit alichuchumaa, akaingiza kidole chake kwenye ufa, kikazama chote. Kisha akasimama, akamuaga Felisiani, akaondoka. Mimi hakuniaga.

Felisiani, ambaye huwa hakosi mzaha, alinishika mkono tu. Akasema, "Leo nimeogopa kukuoa." Tukacheka mpaka Mama akafungua mlango.

Ijumaa, 14 Februari

Amekuja!

Scolastica ndiye aliyenikimbilia, kanga imemtoka, "Njoo uone, njoo uone!" Tukakimbia. Deusdedit yuko kwenye mfereji, peke yake, kavua shati, jembe mkononi, anaziba tobo la kichuguu. La mgomba alishamaliza. Watu wamejaa kwenye tuta wanatazama kama wanaona chatu. Mwanaume wa duka, kitambi nje, tope mpaka kiunoni.

Alipomaliza akapanda juu ya tuta, akiwa anahema. Akasema kwa sauti, "Hili nilitoboa mwenyewe, miaka mitatu. Nimeziba mwenyewe. Nani mwingine?"

Akaita majirani zake wa juu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mbele za watu. Wa kwanza akanung'unika akachukua jembe. Wa pili akasema jembe lake limevunjika. Emelyne akampa la kwake. Baada ya hapo ikawa kama kazi ya zamu, kila tobo watu kumi. Tobo la Damiano tu ndilo lililobaki, lina mlinzi na mbwa.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Na yule Mrundi wako je?"

Deusdedit akajifuta uso, akajipaka tope zaidi. "Mgombea mwenza wangu ni Mama Dina. Anayetaka mwingine akagombee na huyo mwingine."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Scolastica. Aliniminya mkono mpaka pete ikaniumiza. Sikujali.

Jumapili, 16 Februari

Maji yamefika. Yalikuja yakitambaa na povu na majani makavu mbele, polepole, na sisi tukatembea nayo kando ya mfereji, tukiyapigia vigelegele. Yalipoingia kwenye nyufa yalitoa sauti ya kunywa. Emelyne alipiga magoti. Mama aliingia kwenye jaruba lake na miguu mitupu na akakataa kutoka.

Hakuna misa. Yaani misa ilikuwepo, ila sikwenda. Mungu alijua niko wapi.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua imerudi. Sasa inajidai.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ulikuwa mdahalo wa wagombea, pale ghala la umoja. Mabati yaliunguruma kwa mvua, ikabidi tupige kelele.

Damiano alikuwa wa moto. Alieleza miaka yake yote, akafika kwangu. "Mimi sina ubaguzi," akasema, "mwenza wangu mwenyewe ni Libérat. Ila tumuulize Mama Dina, bila ugomvi: nyumbani kwenu hasa ni wapi?"

Swali ambalo Mama amelikimbia maisha yake yote lilisimama mbele yangu limevaa suti. Nikaona watu wa juu wananitazama, wa mkiani wananitazama.

"Jaruba la tatu kutoka mwisho," nikasema, "mkono wa kushoto. Hakuna asiyepajua. Maji yakifika kwangu, mjue yamefika kwa kila mtu. Kwa hiyo mwenyekiti, ukitaka kujua kama unafanya kazi yako, njoo nyumbani kwetu uangalie."

Nilifikiri mabati yatang'oka. Hata watu wa juu walipiga meza. Mwenye miwani wa kamati yetu, yule wa mshauri mkuu, alikuwa anapiga makofi kuliko wote, na mimi nimemsamehe nusu.

Kisha msimamizi akampa Mzee Libérat nafasi. Mkono wa yule mtu ukaja begani kwake kama kawaida. Libérat akauondoa. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza. "Mie niliambiwa nikae tu," akasema. "Nimekaa. Basi niseme moja: tobo la mwenyekiti lizibwe." Akaketi.

Damiano alikunywa maji. Kusema kweli nilimuonea huruma, kama dakika moja.

Jumatano, 19 Machi

Mpunga umeanza kutoa mashuke. Kesho kutwa tunaanza kuamia ndege, kuwafukuza wasile punje. Maneno ya Bujumbura bado yapo, ila sasa yanasemwa kwa sauti ndogo.

Jumamosi, 29 Machi

Niandike yote, kuanzia mwanzo.

Kura zetu hatupigi kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele, na kila mwanachama anapanga mstari nyuma ya anaowataka, hadharani. Wagombea hawaruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe. Kwa hiyo nilisimama na Deusdedit, tumeutazama ukuta wa ghala, tusijue kitu. Nilikuwa nasikia miguu tu. Miguu kwenye tope ina sauti, na sikuweza kujua inakwenda kwetu au kwa Damiano. Deusdedit alikuwa anaomba Salamu Maria. Niliwaza kitu kimoja: wa juu wakijazana kwa Damiano nitakuwa nimempotezea mtu huyu kiti, na kesho wataanza kutoboa upya, na jaruba la Mama litapasuka mwakani kama mwaka huu.

Kisha nikasikia Scolastica nyuma yangu akimwambia mtu, "Sogea, sogea, huku nyuma tumeshafika kwenye barabara." Nikaanza kulia hapohapo, uso ukutani.

Msimamizi alihesabu akimgusa kila mtu bega. Alichukua muda mrefu. Akatangaza. Tumewapita kwa zaidi ya watu mia. Deusdedit alinikumbatia, akakumbuka Felisiani yupo, akamkumbatia na yeye. Mzee Libérat akaja kunipa mkono kabla ya Damiano. "Wewe walikuacha uongee," akasema. "Endelea kuongea." Nikamshika mkono ule kwa mikono yangu miwili.

Ndipo nikageuka kuuona mstari. Hawakuwa wameondoka. Emelyne, Scolastica, mwalimu Mpimbwe aliyeachwa na Damiano, Wasukuma wa ng'ombe, majirani wa juu wa Deusdedit, wale waliojibu kwa jembe na yule wa jembe bovu. Nikaufuata mstari huku nikipeana mikono, nikatoka nje ya lango, nikafika barabarani, nikaendelea. Na mwisho kabisa, kwenye mvua, mtu wa mwisho, kajifunika kitenge chake cha kanisani, alikuwa Mama.

Alinitazama kama ananipima joto.

"Nimepanga mstari mpakani," akasema. "Nimepanga wa unga, wa blanketi, wa kuandikwa jina, wa karatasi ya uraia. Yote nilipanga nipewe. Huu wa leo nimepanga nitoe."

Wenzake wa mbele walishaanza kutawanyika. Nikamwambia, "Mama, wamemaliza, tumeshinda, njoo tuondoke kwenye mvua."

"Subiri kwanza," akasema Mama, na akabaki pale wima, mikono imekunjwa, kama mtu asiyetaka kuuacha mstari wake.